Kesi Iliyoahirishwa na Mvua

Jumatatu, Machi 2

Nimeanza kazi. Kama kuna aliyekuwa ananisubiri, alijificha vizuri. Mlinzi wa getini alidhani nimekuja kushtaki mtu, akanielekeza kwenye benchi la walalamikaji. Nikakaa pale na vyeti vyangu mapajani mpaka mama mmoja aliyeibiwa baiskeli akaniuliza mimi nimeibiwa nini. Nikamwambia mimi ndiye wakili mpya wa serikali. Akanipima kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Haya, basi nianze na wewe," akaanza kunieleza habari za baiskeli. Nikaandika yote. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, kabla hata sijapewa kiti.

Chumba chetu kina meza mbili, feni moja, na majalada yaliyopangwa sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Meza ya pili ni ya mwendesha mashtaka mkongwe ambaye ofisi nzima inamwita Ahirisho, maana haipiti siku hajasimama mahakamani kuomba kesi iahirishwe. Ana macho ya usingizi na mfuko wa karanga kwenye droo. Kutwa nzima kaniambia neno moja: "Feni usiiguse."

Ninakaa kwa dada yangu, yeye na mumewe na binti yao mdogo. Dada kanipokea mlangoni kwa vigelegele. Shemeji akasema kuanzia leo atakuwa anavaa mkanda hata akiendesha gari kuingia uani. Nimecheka, lakini usingizi unakuja kwa shida. Hii kazi nimeitaka tangu nasoma, na sitaki kuwa wakili wa kugonga mihuri.

Jumanne, Machi 3

Mvua ya kwanza. Nimegonga mihuri kutwa nzima.

Alhamisi, Machi 5

Mkuu wa ofisi ameniita. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na haongei akiwa ameketi. Kanisukumia jalada juu ya meza.

"Hii ni yako peke yako. Nyepesi. Mume kamuumiza mke, mtoto kaona. Usiiharibu."

Habari yenyewe ni hii. Fundi bomba mmoja, mlevi wa kujulikana mtaa mzima, anadaiwa kumsukuma mkewe kwenye ngazi za nje ya nyumba yao. Mke kavunjika mkono na taya. Majirani walisikia kishindo, wakaita polisi. Polisi wakamkuta mume chumbani kalala fofofo, ananuka pombe, hata viatu hajavua. Mke alipoulizwa akasema kaanguka mwenyewe. Aliyesema vingine ni binti yao wa miaka sita: "Baba alimsukuma mama." Maneno matatu, na kesi yote imesimama juu yake.

Nimeishi kwenye mitaa ambayo wanawake huvaa miwani ya jua siku za mvua, na sote tulikuwa tunajifanya hatuoni. Huyu fundi bomba haponi. Nimelibeba jalada mpaka nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe.

Jumatano, Machi 11

Nimekwenda hospitali kumwona mke. Taya lake limefungwa nyaya, anaongea kwa kubana meno, na inabidi umwinamie karibu na mdomo.

"Mume wangu hakunigusa," akasema, hata kabla sijauliza.

"Nani basi?"

"Nilianguka."

"Dada, mimi niko upande wako."

"Najua."

"Basi niambie ukweli."

"Nimeshakuambia. Mume wangu hakunigusa."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi siku hizi. Akafumba macho, akasema yuko kwa shemeji yake. Kisha akageukia ukuta, na ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo. Nimetoka pale damu inanichemka. Nilimwambia muuguzi mlangoni, kwa sauti ambayo sijaipunguza, kwamba wake wote husema hivyohivyo, wanakumbatia moto halafu wanalia wameungua. Muuguzi akanyoosha mkono, akaufunga mlango nyuma yangu.

Sitamchukia huyu mama. Nitashinda kesi yake hata kama hataki.

Alhamisi, Machi 12

Leo nimemsikiliza mtoto ofisini. Aliletwa na mdogo wa mshtakiwa, mwenye duka la viatu, ndiye anayemlea tangu mkasa utokee. Nilitegemea mtu wa kuja kumtetea kaka yake. Sivyo kabisa. Amekuja na mwavuli mkubwa, shati limenyooshwa, akafuta miguu mlangoni, akanipa mkono. "Wakili, ni ndugu yangu wa damu," akasema, "lakini haki itendeke." Nimempa jina: Mstaarabu. Laiti mashahidi wote wangekuwa hivi.

Mtoto ana pengo la meno mawili ya mbele na viatu vipya vyenye taa zinazowaka akikanyaga. Alikuwa anapenda kukanyaga. Alikaa kwenye kiti karibu na Mstaarabu.

"Siku ile mama alipoumia, wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Uliona nini?"

"Mama aliruka."

"Aliruka mwenyewe?"

Akamtazama Mstaarabu. Mstaarabu akampapasa kichwa, akamwambia, "Mjibu shangazi, usiogope."

"Baba yako alifanya nini?" nikauliza.

"Baba alimsukuma mama." Akaanza kukanyagakanyaga, taa zikawaka. "Mzee alikuwa amelala."

"Mzee nani?"

Hapo Mstaarabu akatazama saa, akasema mtoto kachoka na njia itajaa maji. Ni kweli wingu lilikuwa limetanda. Nikawaachia waende. Nilimpigia mpelelezi kuuliza kama kuna mzee yeyote katika nyumba ile, babu labda, au mpangaji. Mpelelezi huyu hutafuna njiti ya kiberiti muda wote, hata kwenye simu unaisikia. "Wazee hawakosi mtaani, wakili," akasema. "Jirani tu huyo."

Nimeandika pembeni: *Mzee, amelala, si muhimu.*

Jumatano, Machi 18

Mahakama yetu ina paa la mabati yasiyo na dari. Nilikuwa sijui maana yake hadi leo. Kesi imeitwa, mshtakiwa kapandishwa kizimbani, shtaka limesomwa, naye kajibu kwa sauti ndogo, "Sikumbuki, mheshimiwa." Hakimu akaandika kwamba amekana. Nikasimama kuanza. Mvua ikaanguka juu ya mabati kama kokoto zinazomiminwa, nikawa naona mdomo wa karani unacheza bila sauti. Hakimu, ambaye sikio lake moja halisikii hata siku ya jua, akaweka kalamu chini. Tukakaa hivyo tukitazamana. Mwishowe akaonyesha kwa mkono: tarehe nyingine.

"Umeona?" Ahirisho akaniambia kwenye korido. "Mimi nasingiziwa tu."

Jumanne, Machi 24

Imeahirishwa. Mpelelezi hakutokea.

Nilipata nafasi ya kumtazama mshtakiwa vizuri. Nilikuwa nimejitengenezea jitu kichwani, lakini ni mtu mwembamba tu, mikono ina makovu ya kazi. Ametulia mno. Rumande imemtoa pombe mwilini na kumwacha na aibu. Mstaarabu alikuwa benchi la mbele na mtoto. Mshtakiwa alipomwona mtoto akainua mkono kidogo. Mtoto akanyanyuka nusu, Mstaarabu akamkalisha.

Imeniudhi kwamba nilimhurumia. Nikajikaza.

Jumanne, Machi 31

Mvua. Imeahirishwa. Soksi zangu hazijakauka tangu wiki iliyopita.

Alhamisi, Aprili 9

Habari kubwa. Askari wa rumande kaleta ujumbe: mshtakiwa anataka kubadilisha jibu lake. Jumatano ijayo atasema "Ni kweli." Nilikwenda kumsikia mwenyewe, maana sikuamini. Alikuwa nyuma ya wavu, kaushika kwa vidole viwili.

"Sikumbuki kitu," akasema. "Nakumbuka nimeingia ndani, nimejitupa kitandani, basi. Lakini kama mwanangu kasema ni mimi, basi ni mimi. Mtoto wangu hasemi uongo. Nifungwe tu, yaishe."

Mkuu kanipigia makofi mbele ya ofisi nzima. Kesi ya kwanza, mshtakiwa anakiri, shahidi mtoto hapandi kizimbani, mama halazimishwi kusema. Msichana wa mapokezi kaninunulia soda. Ahirisho peke yake alikuwa anabangua karanga pembeni. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Mtu anakiri asichokikumbuka. Mimi hapo ningeahirisha."

"Wewe ungeahirisha hata chakula cha mchana," nikamjibu. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini aliacha kubangua.

Jumamosi, Aprili 11

Naandika na nguo bado ziko kwenye beseni.

Nilikuwa uani nafua, jua limetoka kidogo. Binti wa dada kaja mbio toka jikoni, kasimama mbele ya beseni, akasema: "Mama, mama kasema njoo ule."

Nikasema haya nakuja. Nikaendelea kusugua kola ya shati. Nikacheka peke yangu, maana ni kila siku anasema hivyo na leo ndiyo nimelisikia. *Mama, mama kasema.* Dada alimfundisha tangu anaanza kusema kwamba mdogo wa mama ni mama, aniite mama, si shangazi wala jina langu. Yeye hachanganyikiwi hata kidogo. Anayechanganyikiwa ni mgeni tu.

Shati likanitoka mkononi.

Mdogo wa baba ni baba. Kila nyumba inajua hivyo, nyumba yetu inajua hivyo, mimi mwenyewe nilimwita baba mdogo wangu "baba" mpaka anazikwa. Na nikakaa mbele ya mtoto wa miaka sita, huku mdogo wa baba yake anampapasa kichwa, nikamuuliza: *Baba yako alifanya nini?* Sikuuliza baba yupi. Polisi hawakuuliza baba yupi. Tulikuwa tumeshamkamata mlevi, kwa hiyo neno "baba" likawa na mtu mmoja tu wa kumwangukia.

Na *Mzee alikuwa amelala.* Mwenyezi Mungu. Shemeji yangu hapa ndani dada anamwita nani? "Mzee, chakula tayari." "Mzee, umefunga geti?" Ana miaka thelathini na minne.

Sikula. Dada kadhani naumwa. Nimemweleza huku nimesimama, akasema, "Labda unakisia tu." Labda. Natamani niwe nakisia tu. Lakini Jumatano mtu atasema "Ni kweli" mbele ya hakimu, na mimi ndiye niliyempeleka hapo.

Jumatatu, Aprili 13

Nimemweleza Mkuu. Kwa mara ya kwanza nimemwona akiketi.

"Kwa hiyo mtu anakiri mwenyewe, wewe unataka kumkataza?"

"Nataka nimuulize mtoto swali moja, mama yake mdogo asiwepo. Namaanisha baba yake mdogo." Nilikuwa nimechanganyikiwa hivyo.

"Ukishamuuliza akasema ni baba yuleyule? Utakuwa umevuruga shahidi siku mbili kabla ya kesi. Utakuwa umeiua kesi yako kwa mikono yako."

"Na nisipouliza?"

"Mshtakiwa anakiri. Dhambi si yako."

Hapo Ahirisho akaingia, nadhani alikuwa anasikiliza mlangoni bila aibu yoyote. Akasema atakwenda nami, na kama kuna barua ya karipio iandikwe kwa jina lake, kwa kuwa yeye anazo za kutosha na moja haitamzidishia. Mkuu akatutazama wote wawili. "Tokeni," akasema. Hakusema tusiende.

Jumanne, Aprili 14

Tumekwenda shuleni kwa mtoto: mimi, Ahirisho, na afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole anayetembea na peremende kwenye pochi. Mwalimu alituachia darasa tupu, yeye akabaki. Nilikaa sakafuni ili tulingane.

Safari hii sikutaja baba yeyote. Nikamwambia anihadithie tu.

Akahadithia kwa mikono. Mama alikuwa mlangoni. Baba alisema tokeni kwenye nyumba hii. Mama akasema ngoja Mzee aamke. Baba akasema huyo haamki. Mama akashika mlango. Baba akamsukuma, mama akaruka.

"Mzee ni nani?" nikauliza.

Akanishangaa. "Mzee wetu. Yule mliyemfunga."

Ahirisho alikwenda kusimama dirishani, akatupa mgongo.

"Na baba?"

"Baba wa viatu." Akainua mguu kunionyesha taa zake. "Alininunulia hivi nisiwe nalia."

Mwalimu akatoka nje. Mimi sikulia, sikutaka mtoto aone kuna ubaya amesema. Nikamwambia kahadithia vizuri sana. Akauliza Mzee anarudi lini. Nikasema tunashughulikia, jibu la ofisini kabisa, kisha nikaona haya nikamwambia sijui, lakini nafanya haraka.

Afisa ustawi hakumrudisha kwa Mstaarabu. Amempeleka kwa dada mkubwa wa mama yake, na Mstaarabu kaambiwa tu kwamba mgonjwa anataka mtoto awe karibu na hospitali. Kesho atakuja mahakamani. Hajui tunajua, au anajua na atakuja hivyohivyo na shati lake lililonyooshwa.

Jumatano, Aprili 15

Tangu asubuhi wingu lilikuwa limekaa juu ya mahakama kama mtu mwenye kinyongo. Mstaarabu kakaa benchi la mbele, bila mtoto, mwavuli katikati ya magoti. Kanisalimia kwa kichwa. Sikurudisha, na nikaona ameona.

Kesi ikaitwa. Mshtakiwa akapanda kizimbani, kanyolewa, nadhani alitaka kuonekana nadhifu siku ya kufungwa. Hakimu akamuuliza kama ni kweli anataka kubadilisha jibu. Akasema ndiyo. Karani akaanza kumsomea shtaka upya. Nilikuwa nimepanga kusimama kabla hajamaliza, lakini miguu ilichelewa. Karani akafika mwisho, na yule mtu akasema, kwa sauti ya juu kuliko siku zote, "Ni kw—"

"Mheshimiwa!"

Nilipiga kelele kama muuza samaki. Hakimu akaruka kwenye kiti.

"Wakili, huyu anajibu. Kaa chini."

"Mheshimiwa, naomba jibu lisiandikwe. Upande wa mashtaka una jambo."

"Upande wa mashtaka unampinga mtu anayekiri?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Watu wakaguna. Hakimu akaweka kiganja nyuma ya sikio lake zima. "Sababu?"

Nikafungua mdomo, na mvua ikashuka.

Sijawahi kuichukia mvua namna ile. Nilisema neno, sikulisikia mwenyewe. Hakimu akatikisa kichwa, akaashiria tusubiri. Kila mtu akakaa. Mimi sikukaa. Niliogopa kwamba nikikaa, mtu atamaliza sentensi yake na karani atamsoma midomo. Nikasimama mikono juu ya meza, maji yanachuruzika kwenye ukuta wa nyuma, na mshtakiwa ananitazama kwa hasira. Kwa hasira! Nilikuwa namzuia asimalize.

Nikageuka nyuma. Mstaarabu alikuwa amesimama, anakunja kola, anaelekea mlangoni. Mlangoni kulikuwa na kiti, na kwenye kiti Ahirisho, miguu kainyoosha, anabangua karanga. Hakumzuia. Alimwonyesha tu nje, ile mvua, kama mtu anayemhurumia mwenzake asilowe. Mstaarabu akatazama mvua, akatazama watu wote waliokuwa wanamtazama, kisha akarudi kukaa. Kwa mara ya kwanza nikaona kola yake imekaa upande.

Mvua ikapungua. Sauti yangu ikarudi ghafla na ikawa kubwa mno chumbani.

"Mheshimiwa, tulimuuliza mtoto kuhusu baba, hatukumuuliza baba yupi. Kosa ni letu. Kosa ni langu mimi niliyemhoji. Nina sababu ya kuamini tumemshtaki mtu aliyekuwa amelala. Naomba jibu lake lisipokelewe, kesi iahirishwe, na upelelezi urudiwe."

Hakimu akanipa maneno yangu. Aliuliza kama huko nilikosoma wanafundisha kuweka watu rumande kwanza halafu kuuliza. Aliuliza kama natambua kwamba angekuwa ameshaandika. Nilijibu ndiyo, mheshimiwa, kila swali. Alipomaliza kunikaanga akasema jibu halikupokelewa, kesi imeahirishwa, mshtakiwa apewe dhamana.

Mshtakiwa alikuwa hajaelewa. Alishuka kizimbani, akanifuata kwenye korido na askari wake nyuma, akasema, "Kwa hiyo si mimi?"

"Naamini si wewe."

"Si mimi?"

Akakaa sakafuni palepale, kwenye maji ya viatu vya watu, akalia kwa sauti kama mtoto. "Nilikuwa nimeshakubali," akawa anasema. "Nilikuwa nimeshakubali ni mimi." Nikachuchumaa nikamwambia samahani. Sijui kama wakili wa serikali anaruhusiwa kusema hivyo. Nimesema tu.

Alhamisi, Aprili 16

Hospitali. Nyaya za taya zimetolewa. Nilimkuta mama kampakata mtoto, wanachezea taa za viatu. Dada yake mkubwa yuko pembeni. Nilipoingia mama akakunja uso, na nilistahili.

"Najua si mume wako," nikasema.

Akamvuta mtoto karibu.

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Siku ile ile ya kwanza. Nilikuambia hakunigusa, ukamwambia muuguzi wake wote husema hivyo. Ulidhani sikusikia? Nilivunjika taya, si masikio."

Nikauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumtaja aliyemsukuma.

"Mtoto wangu alikuwa analala kwake," akasema. "Wewe ungemtaja?"

Dada yake akamchukua mtoto wakatoka nje. Na huyu mama akanieleza yote, taratibu, kwa sababu taya bado linauma: nyumba ya wazazi wao wale ndugu wawili, namna shemeji yake alivyokuwa akija kila mume akilewa kuwataka waondoke, na namna siku ile yeye alivyokataa kubanduka mlangoni. Niliandika na sikumkatiza hata mara moja.

Ijumaa, Aprili 17

Mstaarabu kakamatwa dukani kwake. Mpelelezi kanipigia mwenyewe, na njiti sikuisikia. Shtaka dhidi ya kaka yake limeondolewa.

Mkuu kanipa barua ya karipio kwa kumhoji mtoto mbele ya mtu asiyestahili kuwepo. Ni halali yangu. Halafu kanipa jalada jipya la Mstaarabu. "Usiiharibu," akasema, kisha akaongeza, "tena."

Jumanne, Aprili 28

Fundi bomba alikuja ofisini kuuliza kama mkewe ameacha ujumbe. Ameacha. Kasema aache pombe kwanza, ndipo aje. Nikamsomea. Akasema, "Haki yake," akaenda. Bomba la choo chetu lilikuwa linavuja tangu niingie kazini. Amelitengeneza njiani akitoka, bila kuombwa.

Alhamisi, Mei 14

Wakili wa Mstaarabu kaomba mtoto aletwe kutoa ushahidi, akijua atatetereka. Ahirisho nami tumekaa kwenye jalada mpaka ofisi inafungwa. Nilikuwa namwona mvivu. Kumbe anaomba kuahirisha kila anapoona tundu, na mimi nilikuwa naruka matundu kwa mbio. Tumeamua: mtoto hapandi. Mama yake atasimama peke yake, na nimemwambia wazi kwamba tukishindwa tutashindwa. Akasema, "Nipe tarehe tu."

Jumanne, Juni 2

Mvua zimekatika. Leo mahakamani ulikuwa unasikia kalamu ya karani.

Mama alipanda kizimba cha mashahidi kwa uangalifu, akaapa. Mstaarabu alikuwa upande wa pili, shati limenyooshwa. Nikaanza mbali, nikaja taratibu: jioni ile, mlango, mume amelala, maneno yaliyosemwa. Alijibu yote bila kupepesa. Wakili wa utetezi alinyanyuka mara kwa mara, hakimu akawa anamkalisha. Tukafika.

"Ni nani aliyekusukuma?"

"Shemeji."

Najua korti nzima iliona nimepata jibu. Nilisikia Ahirisho nyuma yangu akivuta pumzi. Lakini mimi sitaliacha tena neno kama hilo lipite.

"Shemeji yupi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Ninaye mmoja tu," akasema. "Nilikuwa nampikia."

Hakimu akainamisha sikio lake zima, akamwomba amwonyeshe. Mama akainua ule mkono uliovunjika. Haujaunga vizuri, hautanyooka tena, daktari kasema. Akauinua hivyohivyo umepinda, akauelekeza kwa shemeji yake, akaushikilia pale mpaka karani alipomaliza kuandika.